Unene wa Flenji na Mipaka ya Shinikizo na Joto

Bomba la mvuke haliwezi kuwa kipande kimoja tangu kwenye boila hadi mahali mvuke unapofanya kazi. Hapana budi liungwe, na liungwe kwa namna inayoweza kufunguliwa tena, maana vali huharibika, pampu hudai matengenezo, na magamba ya chokaa hujijenga ndani ya mabomba. Kiungo kinachotumika sana kwa kazi hiyo ni flenji, yaani pete nene ya chuma cha pua iliyoungwa kwenye mwisho wa bomba na kutobolewa matundu ya bolti kuizunguka. Flenji mbili hukabiliana, gasketi hutiwa kati yao, bolti hukazwa, na kiungo huwa tayari kuzuia mvuke, mafuta, gesi au maji.

Kwenye ukingo wa pete hiyo mtengenezaji hugonga namba: 150, 300, 600 na kadhalika. Wako wafanyakazi wanaoisoma namba hiyo kuwa ni shinikizo ambalo flenji inaweza kulistahimili. Wengine huisoma kwa ratili, wengine hata kwa baa. Kosa hilo ni la kawaida, nalo ni la hatari, kwa kuwa mvuke unaopenya kwenye kiungo kilicholegea huunguza kabla mtu hajapata nafasi ya kukimbia. Namba hiyo si shinikizo. Ni jina la daraja, na daraja lenyewe halisemi lolote mpaka ijulikane flenji imetengenezwa kwa chuma gani, itafanya kazi katika halijoto gani, na kama unene wake bado ni ule uliokusudiwa.

Namba iliyogongwa chumani

Kanuni inayofuatwa katika sehemu kubwa ya dunia ni ile ya Chama cha Wahandisi wa Mitambo wa Marekani, ijulikanayo kwa alama ya B16.5. Kanuni hiyo ina madaraja saba: 150, 300, 400, 600, 900, 1500 na 2500. Kwa kila daraja na kila aina ya chuma, imewekwa orodha ya shinikizo linaloruhusiwa kwa kila halijoto.

Chukua chuma cha pua cha kawaida kilichofuliwa, kile kinachoandikwa A105. Flenji ya Daraja la 150 ya chuma hicho inaruhusiwa kubeba baa 19.6 iwapo halijoto haizidi nyuzi 38 za Selsiasi. Halijoto ikifika nyuzi 200, ruhusa hushuka hadi baa 13.8. Kwa nyuzi 300 ni baa 10.2, na kwa nyuzi 400 ni baa 6.5 tu, yaani theluthi moja ya ile ya kwanza. Flenji ni ile ile, bolti ni zile zile. Kilichobadilika ni joto.

Mvuke huleta mtego wa pekee katika jambo hili, kwa sababu shinikizo la mvuke wa boila na halijoto yake hupanda pamoja. Mvuke ulio katika hali ya kuchemka kwa nyuzi 200 una shinikizo la baa 14.5 hivi juu ya lile la hewa. Msimamizi wa boila anayekumbuka ile baa 19.6 ataona bado ana akiba ya baa 5. Kwa kweli hana akiba yoyote: amekwisha kupita kikomo, maana kwa nyuzi 200 kikomo ni baa 13.8. Hivyo basi Daraja la 150, kwa mvuke wa aina hiyo, hukoma karibu na baa 14, hata kama boila lenyewe lina uwezo wa kutoa zaidi.

Msomaji atauliza namba 150 na 300 zilitoka wapi, ikiwa hazilingani na orodha. Jibu limo katika hesabu ya kanuni yenyewe. Chuma cha A105 kina kikomo cha kunyumbuka cha megapaskali 248 hivi. Kikivutwa kupita hapo hakirudi tena katika umbo lake. Kanuni huruhusu asilimia 60 ya kikomo hicho, yaani megapaskali 149. Zidisha 149 kwa 300, kisha kwa 10, halafu gawanya kwa 8,750, na jibu ni baa 51.1. Ndiyo ruhusa ya Daraja la 300 katika baridi. Hiyo 8,750 ni mkazo wa ratili kwa inchi ya mraba uliochaguliwa kuwa kipimo cha kulinganishia. Maana yake ni kwamba flenji ya Daraja la 300 hubeba ratili 300 kamili pale tu joto linapokuwa limekidhoofisha chuma kiasi cha kuruhusiwa mkazo wa ratili 8,750. Kwa A105 jambo hilo hutokea karibu na nyuzi 460. Chini ya hapo hubeba zaidi, na juu ya hapo hubeba pungufu. Daraja la 150 peke yake halifuati mwenendo huo; katika hesabu namba yake huwekwa 115, na anayelitegemea jina lake hudanganyika maradufu.

Hesabu hiyo fupi haitaji unene popote. Haimaanishi kwamba unene hauna kazi. Maana yake ni kwamba unene umekwisha kuhesabiwa kabla, katika vipimo vya kila daraja, na ruhusa yote iliyomo katika orodha imejengwa juu yake. Unene ukibadilika, orodha haihusiki tena na kile kipande cha chuma.

Kwa nini pete hupinda

Shinikizo lililo ndani ya bomba hujaribu kuzitenganisha flenji mbili. Katika bomba la inchi 4 lenye flenji za Daraja la 150, uso ulioinuka ambako gasketi hukaa una kipenyo cha milimita 157. Baa 19.6 zikisukuma eneo hilo lote hutoa kani ya karibu tani 4. Bolti zinavuta upande wa nje, gasketi na shinikizo vinasukuma upande wa ndani, na kati ya kani hizo mbili pete husokotwa kama ukingo wa sahani unaobinuliwa kwa vidole. Flenji haivunjiki kwa kupasuka kama bomba. Kwanza hupinda, na ikipinda, gasketi hupoteza mgandamizo upande mmoja na kiungo kikaanza kuvuja.

Uwezo wa kipande bapa kukataa kupinda hufuata mraba wa unene wake. Ukiongeza unene mara mbili, mkazo hupungua mara nne. Na kiasi cha kubinuka, ambacho hufuata unene mara tatu juu yake wenyewe, hupungua mara nane. Ndiyo sababu flenji za inchi 4 huanza na unene wa milimita 22.3 katika Daraja la 150, zikafika 30.2 katika Daraja la 300, 38.1 katika la 600, 44.5 katika la 900, 54 katika la 1500 na 76.2 katika la 2500. Shinikizo la baridi kutoka daraja la kwanza hadi la mwisho limeongezeka karibu mara 22, hali unene umeongezeka mara tatu na nusu hivi. Kazi iliyobaki hufanywa na bolti, ambazo ni nane katika madaraja yote hayo lakini hukua kutoka milimita 16 hadi 38, na na shingo ya flenji inayokuwa pana zaidi pale inapoungana na pete.

Hapo awali vipimo hivi vilipatikana kwa uzoefu, na kwa flenji zilizovunjika. Katika mwaka wa 1927 Waters na Taylor walichapisha uchambuzi wao wa nguvu za flenji za mabomba, wakaonyesha namna pete, shingo na ukuta wa bomba vinavyogawana mzigo. Mwaka wa 1937 Waters, pamoja na Wesstrom, Rossheim na Williams, walitoa hesabu kamili zaidi, ambazo mpaka leo ndizo msingi wa kukadiria flenji zisizo za kawaida.

Sheria hiyo ya mraba ndiyo inayofanya mashine ya kukereza kuwa rafiki na adui kwa pamoja. Mvuke unapovuja kwa muda mrefu huchimba vijifereji katika uso wa flenji. Fundi huipeleka flenji kwenye kerezo, akaondoa milimita moja au mbili, na uso ukarudi kung'aa kama mpya. Milimita 2 za kwanza huenda zikawa za uso ulioinuka tu, ambao hauhesabiwi katika unene. Baada ya hapo kerezo hula mwili wenyewe. Katika flenji ya milimita 22.3, kuondoa milimita 2 ni kupunguza unene kwa asilimia 9. Lakini katika pete bapa mkazo wa kupinda huongezeka kwa asilimia 21, na kubinuka kwa asilimia 33. Namba 150 bado imegongwa pale ukingoni, nayo sasa inasema uongo. Kwa mabomba yasiyozidi inchi 18 kanuni inamruhusu mtengenezaji azidishe unene kwa milimita 3. Apunguze, hata nywele moja, haimruhusu.

Unene unaobadilisha chuma

Kutokana na maelezo hayo mtu angeweza kudhani kwamba dawa ya kila tatizo ni kuongeza chuma. Lakini chuma kinene si chuma chembamba kilichozidishwa. Ni chuma kingine, na hapa ndipo somo hili linapokuwa gumu, na kwa kweli ndipo linapopendeza.

Nguvu za chuma cha pua hutegemea chembe zilizomo ndani yake, na chembe hizo hutegemea mwendo wa kupoa. Joto hutoka kwa kupitia uso. Kipande cha unene wa milimita 20 hupoa karibu sawasawa nje na ndani; kipande cha milimita 200 hupoa haraka nje huku moyo wake ukibaki mwekundu. Muda wa joto kupenya au kutoka nao hufuata mraba wa unene: unene mara mbili, muda mara nne. Moyo unaopoa polepole hupata chembe kubwa, na chembe kubwa huleta chuma dhaifu chenye wepesi wa kupasuka.

Kanuni za vyuma hulikiri jambo hili waziwazi. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya F304, kinachotumika sana katika flenji za viwanda vya maziwa na kemikali, hutakiwa kuhimili mvuto wa megapaskali 515 kabla ya kukatika. Kipande kilichofuliwa kikizidi unene wa milimita 130, sharti hilo hushushwa hadi 485. Ndugu yake F304L, mwenye kaboni kidogo zaidi, hushuka kutoka 485 hadi 450. Na kwa A105, flenji zilizo juu ya Daraja la 300 haziruhusiwi kutoka kiwandani bila kutibiwa kwa joto baada ya kufuliwa. Njia ya kawaida ni kuzipasha moto upya na kuziacha zipoe hewani, ili chembe zipate kuwa ndogo na zilizolingana. Flenji za madaraja mawili ya chini, ambazo ni nyembamba, husamehewa.

Kuna tofauti nyingine, nayo inahusu karakana za kwetu moja kwa moja. Karakana nyingi hukata flenji kwa gesi kutoka bamba nene, zikatoboa matundu na kuilehemu pete kwenye bomba. Kwa bomba la maji lenye shinikizo dogo flenji ya namna hiyo yaweza kudumu miaka mingi, na hakuna sababu ya kuwabeza wanaoitengeneza. Hata hivyo kanuni ya B16.5 huruhusu bamba kwa flenji za kuziba na kwa baadhi ya flenji za kupunguza kipenyo zisizo na shingo tu. Nyingine zote sharti zifuliwe au zisubiwe. Sababu ni namna bamba linavyozaliwa. Chuma kinapopitishwa kati ya magurudumu mazito, takataka zilizomo ndani yake hutandazwa kuwa tabaka nyembamba mithili ya karatasi za kitabu. Bamba lina nguvu likivutwa kwa urefu au kwa upana wake. Likivutwa kwa unene, tabaka hizo zaweza kuachana. Na shingo ya flenji huvuta kwa unene. Kufua, kwa upande mwingine, huzikunja nyuzi za chuma zifuate umbo la pete na shingo. Pete ya bamba yenye unene ule ule uliomo katika orodha ya Daraja la 300 haiwi, kwa unene huo peke yake, flenji ya Daraja la 300.

Joto lisilofika kwa wakati mmoja

Orodha za shinikizo na joto huchukulia kwamba flenji, bolti na gasketi vina halijoto moja. Asubuhi boila linapowashwa sivyo ilivyo. Mvuke hugusa kwanza ukuta wa ndani, pete hufuata, na bolti, zilizo nje na zisizogusana vema na pete, huja mwisho. Kadiri flenji ilivyo nene ndivyo pengo hilo linavyodumu.

Chuma cha pua hurefuka kwa sehemu 12 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja. Bolti ya urefu wa milimita 100 iliyokazwa kwa mkazo wa megapaskali 200 huwa imevutika milimita 0.1, na mvutiko huo mdogo ndio uhai wote wa kiungo. Flenji ikiwa na joto lililozidi la bolti kwa nyuzi 50, hutanuka na kuiongezea bolti karibu milimita 0.06. Mkazo wa bolti hupanda kwa zaidi ya nusu, gasketi ikasagika. Kisha maji baridi yakiingia ghafla katika bomba lenye moto, mambo hugeuka: flenji hunywea kabla ya bolti, na ile milimita 0.06 huondolewa kwenye mvutiko wa milimita 0.1. Kiungo hubaki na chini ya nusu ya mbano wake, hali gasketi imekwisha kusagika. Wafanyakazi husema flenji "imelia". Aghalabu lawama hupewa gasketi, ambayo ndiyo yenye hatia ndogo kuliko vyote. Kanuni yenyewe hutoa tahadhari kwamba viungo vya Daraja la 150 juu ya nyuzi 200, na vya madaraja mengine juu ya nyuzi 400, vyaweza kuvuja mabadiliko ya joto yakiwa makali. Ufunguzi wa vali kuu polepole, kwa robo ya saa badala ya dakika moja, hugharimu uvumilivu tu.

Ubaridi na kipande kinene

Upande wa pili wa joto ni ubaridi. Chuma cha pua cha kawaida kikiwa na joto la kutosha, huvutika kabla ya kukatika. Kikiwa baridi, huweza kupasuka kama kigae bila onyo. Unene huisogeza hatari hiyo juu. Katika kipande chembamba, chuma kilicho kwenye ncha ya ufa huweza kunywea pembeni na kujivuta. Katikati ya kipande kinene hakina nafasi hiyo, maana kimeshikwa na chuma jirani kila upande, na kikishindwa kujivuta hupasuka. Kwa kundi moja la vyuma vya kawaida, kanuni za Marekani za vyombo vya shinikizo huweka kiwango cha chini cha halijoto, bila majaribio maalumu, kwenye nyuzi sifuri hivi kwa unene wa milimita 25, na takriban nyuzi 17 kwa unene wa milimita 50. Asubuhi ya Julai katika nyanda za Njombe huwa na baridi kuliko hiyo.

Tukio la Wolverhampton, Uingereza, la Desemba 1965, lilifunza wahandisi wengi jambo hili. Chombo kikubwa kilichokusudiwa kwa utengenezaji wa amonia, chenye urefu wa mita 16, uzito wa tani 166 na ukuta wa milimita 149, kilikuwa kinajaribiwa kwa maji baridi karakanani. Jaribio lilitakiwa kufika baa 352. Kwenye baa 345 mwisho wa chombo wenye flenji ulipasuka vipande. Kimoja, cha uzito wa tani 2 hivi, kilitoboa ukuta wa karakana na kwenda mita 46. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpasuko ulianzia kwenye nyufa ndogo, zenye ukubwa wa milimita 10 hivi, kando ya lehemu iliyounganisha flenji na ukuta. Flenji hiyo nene ilikuwa na mistari ya chuma kigumu zaidi ndani yake, maana donge kubwa la chuma huganda polepole na viungio vyake hujikusanya mahali mahali. Na kupashwa moto baada ya kulehemu, ambako kungeulainisha mkazo, hakukufika kiwango kilichotakiwa. Chuma hakikukosa unene. Kilikuwa na unene wa kutosha kabisa, na unene huo ndio uliozificha kasoro zake.

Jaribio la maji nalo lina mpaka wake wa maana. Kiungo cha Daraja la 150 cha chuma cha A105 hujaribiwa kwa baa 30 za maji, mara moja na nusu ya ruhusa ya baridi. Likifaulu, limethibitisha kwamba siku ile, kwa maji yale ya baridi, flenji, bolti na gasketi vilishikana bila kuvuja. Halikusema lolote kuhusu bolti zitakavyokuwa baada ya miezi sita ya mvuke wa nyuzi 190, wala kuhusu milimita 2 zilizobaki sakafuni chini ya kerezo. Hayo hupimwa kwa rula ya kupimia unene, ikiwekwa ukingoni mwa flenji penye namba, na kulinganishwa na orodha.